Agizo la Ng'ambo: Tupige Hesabu Kabla ya Kushangilia



Kila inapoenea habari kwamba mnunuzi wa ng'ambo ameleta agizo kubwa, sisi wafanyakazi hugawanyika makundi mawili. Wengine hushangilia, kwa kuwa cherehani zilizolala zitaamka. Wengine hunung'unika kwamba bei aliyoitaja ni ya kutupa. Makundi yote mawili husema kabla ya kupiga hesabu. Sisi tunaona kwamba hesabu hiyo si siri ya bwana fedha peke yake. Inalihusu kila tawi la chama.

Tuchukue mfano wa kiwanda cha mashati chenye uwezo wa kushona mashati 10,000 kwa mwezi, lakini wateja wake wa kawaida wanachukua 7,000 tu, kwa shilingi 20,000 kila moja. Kitambaa, uzi, vifungo na umeme wa mashine ni shilingi 12,000 kwa shati. Mishahara ya mwezi, kodi ya jengo, walinzi na riba ya benki ni shilingi 35,000,000, washonwe wasishonwe. Ukizigawa kwa mashati 7,000, kila shati linabeba 5,000. Basi shati moja linagharimu 17,000.

Sasa anakuja mnunuzi anayetaka mashati 3,000 kwa shilingi 15,000, yenye lebo na maboksi ya pekee ya shilingi 500. Mtu wa haraka atasema: hasara! Lakini zile milioni 35 zimekwisha lipwa na mashati ya kawaida. Agizo hili linaongeza gharama ya 12,500 tu kwa shati. Linabakisha 2,500, yaani shilingi 7,500,000 kwa agizo zima. Kulikataa ni kutupa kazi ya wenzetu.

Lakini tusiishie hapo. Akitaka mashati 5,000, mashati 2,000 ya wateja wa kawaida hayatashonwa. Kila moja kati ya hayo lilikuwa likibakisha 8,000, kwa hiyo tunapoteza milioni 16 ili kupata milioni 12 na nusu. Na bei hiyo ya 15,000 ikigeuka kuwa ya kila siku na kwa kila mteja, mashati yote 10,000 yatabakisha milioni 25, na zile milioni 35 zitakosa wa kuzilipa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Agizo la pekee ni mgeni. Likihamia nyumbani, nalo lishike jembe, lichangie mishahara na kodi kama mengine.

Hapa ndipo penye shida yetu. Katika hesabu hizi mishahara yetu huwekwa pamoja na kodi ya jengo, na agizo huonekana kana kwamba mikono yetu ni ya bure. Kisha meli inakaribia kuondoka, tunaambiwa tubaki hadi usiku. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa wiki, na saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu, siku kuu mara mbili. Saa hizo zikiongeza shilingi 2,000 kwa shati, faida ya 2,500 inabaki 500. Meneja aliyesahau kuziandika mwanzoni atatafuta wa kuzilipa mwishoni, na sote tunajua atamtazama nani.

Ndugu zetu wa mashamba ya chai wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Chai nyingi ya Uganda huuzwa kwenye mnada wa Mombasa, lakini mara nyingine mnunuzi huagiza moja kwa moja chai ya majani laini, machipukizi na majani mawili tu. Tuseme mchumaji aliyezoea kuleta kilo 40 kwa siku, kwa shilingi 100 kila kilo, sasa analeta 25. Ili asipungukiwe, kilo ilipwe 160. Kilo moja ya chai kavu hutokana na kilo nne na nusu hivi za majani mabichi. Basi nyongeza ya mchumaji ni kama shilingi 270 kwa kilo ya chai. Mnunuzi asipoongeza walau hizo, anayemlipia chai yake nzuri ni mchumaji, kwa posho ya watoto wake.

Kwa hiyo hatusemi maagizo ya ng'ambo yakataliwe. Tunasema kila tawi liombe kuonyeshwa mambo matatu kabla ya mkataba kutiwa saini: Je, mashine na watu wenye nafasi wapo kweli? Je, saa za ziada na bei mpya ya kilo zimeandikwa ndani ya gharama? Je, agizo lina mwisho, au ndiyo bei mpya ya kiwanda?

Mwajiri akijibu yote matatu kwa tarakimu, tushone na tuchume kwa moyo. Akijibu kwa maneno matupu, wajumbe wetu wasiondoke mezani. Umoja ni nguvu, lakini umoja wenye hesabu hudanganywa kwa shida.