Simu ya Asiyeona Haianzi Kuibiwa Stendi

Stendi ya Omurushaka siku yenye watu wengi huielewi kwa macho tu. Makonda wa hiace wanaita abiria wa Kyaka na Bukoba, bodaboda zinanguruma kuelekea Nkwenda, mikungu ya ndizi inatua chini kwa kishindo. Mimi sioni, kwa hiyo naisoma stendi hiyo kwa masikio. Siku moja nilisimama pale nikisubiri usafiri, simu mkononi, nikisikiliza ujumbe. Kijana wa bodaboda akanisogelea akasema kwa sauti ya chini: "Waitu, simu weka ndani. Kuna mtu anakuangalia tangu ulipofika." Nikamshukuru, nikaiweka. Kisha akaongeza: "Na siku nyingine msitoke peke yenu, watu kama nyie."

Maneno yake ya kwanza yalikuwa tahadhari ya kweli. Ya pili yalikuwa kosa. Makosa ya aina hiyo nayasikia katika wilaya za Karagwe na Kyerwa kote, mara nyingi kutoka kwa watu wanaotupenda, na ndiyo maana nimeamua kuyajibu moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "Asiyeona simu janja ya nini? Kitochi kinamtosha."

Kitochi kina sifa zake: chaji inakaa siku kadhaa na kibaka hakitamani sana. Lakini vitochi vingi havisomi. Ujumbe ukiingia, lazima nimpe mtu anisomee, na mtu huyo atajua nani amenitumia hela, kiasi gani, na salio langu limebaki ngapi. Simu janja yenye TalkBack, au VoiceOver kwa wenye iPhone, inanisomea mwenyewe. Ukininyima simu hiyo kwa kumwogopa mwizi mmoja wa barabarani, umeziweka siri zangu mikononi mwa kila mpita njia nitakayemwomba anisomee. Anayeamua kwamba ni heri aende gulioni na kitochi na kuacha simu janja nyumbani, afanye hivyo. Hata mimi kuna siku hufanya. Ila uamuzi uwe wake, isiwe amri ya jirani.

Dai la pili: "Fimbo nyeupe inamwita mwizi."

Fimbo hii ilipakwa rangi nyeupe makusudi ionekane. James Biggs wa Bristol, Uingereza, aliyepoteza uwezo wa kuona kwa ajali, aliipaka yake mwaka 1921 kwa sababu magari yalikuwa yameongezeka mtaani kwake na alihofia kugongwa. Hofu hiyo tunayo sisi leo kwenye lami ya Kyaka hadi Bugene, gari linapokuja kwa kasi na dereva ana sekunde chache tu za kutambua kwamba wewe unayevuka humwoni. Ukiiacha fimbo nyumbani kwa kumkwepa kibaka, umeruka majivu ukakanyaga moto.

Kibaka anatafuta simu iliyoshikwa kilegevu kando ya barabara na mwenye nayo amezama kwenye mazungumzo. Wanaoona wanaporwa hivyo hivyo kila siku, bila fimbo. Kwa hiyo simu ikiita ukiwa njiani, iache iite. Ingia dukani au egemeza mgongo ukutani, ndipo uitoe. Ikae mfuko wa ndani wenye zipu, upande wa mbele, hasa unapopanda bodaboda au kubanana kwenye hiace. Kamba fupi inayoifunga na mkanda wa suruali au wa mkoba ni bei ndogo, na inamharibia mporaji hesabu.

Dai la tatu: "Simu inayosema inamtangazia kila mtu mambo yako."

Hapa kuna ukweli, na dawa yake ipo. Tumia spika ya sikioni, lakini sikio moja tu. Ukiziba yote mawili umejifumba macho uliyobaki nayo. Kisha ficha skrini. TalkBack na VoiceOver zote zina uwezo huo: kioo kinakuwa cheusi, simu inaendelea kukusomea. Wengi wetu tunatembea na kioo kinachowaka, kinachowaonyesha wengine kila kitu na ambacho sisi wenyewe hatukihitaji.

Pagumu zaidi ni kwenye menyu za kutuma hela, zile zinazoanza na *150. Kwenye simu nyingi za Android, kisanduku cha menyu hizo hakifichi tarakimu. Ukiandika namba ya siri, inaonekana wazi, na TalkBack inaitaja kwa sauti, moja, saba, tatu, mbele ya foleni nzima ya wakala. Basi spika iwe sikioni na kioo kiwe kimefichwa kabla ya kupiga menyu. Na kampuni za simu zinapaswa kuliziba tundu hilo, maana ni lao, si letu.

Dai la nne: "Mpe namba ya siri mtu unayemwamini akusaidie."

Hili ndilo linalotugharimu zaidi. Msimu mmoja nililipwa hela ya kahawa kwa simu, nikamtuma kijana wa nyumbani akanitolee. Alirudi na pungufu, akasema ni makato. Nilikubali. Misimu miwili ikapita hivyo. Simu yangu ilikuwa janja tangu mwanzo, ila hakuna aliyewahi kuniambia kwamba inaweza kusoma, mpaka mwalimu mmoja alipobonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, akavishikilia sekunde chache, na simu ikaanza kusema. Usiku ule nilirudi kwenye jumbe za zamani, mmoja mmoja, nikasikia kila kiasi kilichotolewa. Kwa muda wote huo simu ilikuwa mfukoni mwangu. Hakuna aliyeipora.

Kwa hiyo ninaposikia tunaonywa juu ya vibaka wa stendi peke yao, naona nusu ya hatari imeachwa. Wakala hahitaji namba yako ya siri. Iandike mwenyewe, sikiliza ujumbe wa uthibitisho kabla ya kuondoka dirishani, na mwambie ataje kila noti anapokukabidhi. Elfu kumi ikunje kwa namna yake, elfu tano kwa namna yake. Kama kuna mtu anaijua namba yako, hata awe mwanao, ibadilishe leo. Na ninyi wazazi, watoto na wajukuu wetu: mkitupenda, tufundisheni kuitumia simu, msiitumie kwa niaba yetu.

Dai la tano: "Ikishaibiwa imekwenda, hasa huku mpakani."

Ni kweli Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda, na simu iliyovuka mpaka wa Murongo ni vigumu kuirudisha. Lakini simu ni kitu kimoja, na hela na jina lako ni kitu kingine. Azima simu ya yeyote aliye karibu, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, funga laini. Kisha nenda polisi upate RB, yaani namba ya taarifa yako. Ukiwa na IMEI, yaani namba tambulishi ya simu, mtandao wako unaweza kukifungia kifaa kupitia mfumo rajisi wa namba hizo uliopo nchini, na hakitashika mtandao wowote wa Tanzania. IMEI ni tarakimu 15. Piga *#06# leo, uziandike kwa nukta nundu au umpe ndugu azihifadhi. Laini utairudisha kwa namba ya NIDA na alama ya kidole chako, ambacho mwizi hana. Na simu iwe na kifungio. Kidole kinafaa kuliko mchoro unaoonekana na aliye nyuma yako.

Dai la mwisho: "Basi kaeni nyumbani."

Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010, na haikutungwa ili tufungiwe ndani. Nina shamba, nina mazishi ya kuhudhuria, nina hela ya kutafuta. Nitapita Omurushaka tena.

Nami namkumbuka yule kijana kwa wema, kwa ajili ya sehemu ya kwanza ya maneno yake. Aliona hatari akaniambia mimi. Hakuninyang'anya simu ili aniwekee, wala hakunivuta mkono kunihamisha. Makonda, waendesha bodaboda, wenye maduka, fanyeni kama yeye: semeni kwanza, jitajeni. Mkono unaonishika ghafla, uwe wa msaada au wa kibaka, kwangu mimi ni mkono mmoja. Sauti ndiyo inayonitofautishia.