Ufafanuzi: Kwa nini filamu ya Vuta N'Kuvute haijafika kwetu Same?

Wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanaijua Vuta N'Kuvute kama riwaya ya Adam Shafi, ya kusomea mtihani. Filamu yake, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2021 kwenye tamasha la Toronto, Kanada. Mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kuwania Oscar, jambo ambalo nchi ilikuwa haijalifanya tangu filamu ya Maangamizi mwaka 2001. Lakini uliza pale stendi ya Same nani ameiona. Wengi watadhani unaulizia kitabu.

Ili kuelewa, tazama nani anamlipa mwongozaji.

Steven Kanumba alianzia kwenye tamthilia za televisheni na kundi la Kaole, kisha akaigiza, akatunga na kuongoza filamu za CD. Mlipaji wake ulikuwa wewe: mwenye kibanda umiza aliyenunua CD, na kijana aliyetoa kiingilio. Ndiyo maana alipofariki Aprili 2012, akiwa na miaka 28, msiba ulifika hadi vijiji ambavyo havikuwa na umeme. Soko hilo liliuawa na nakala za wizi. Mwaka 2013 TRA ilianza kuweka stempu kwenye CD, lakini simu na flashi zilikuwa zimeshaingia.

Shivji alipita njia nyingine. Alifundisha filamu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akatengeneza filamu fupi, na mwaka 2017 filamu yake T-Junction ikafungua tamasha la ZIFF, Zanzibar. Filamu za aina hii kwa kawaida hutegemea mifuko ya nje, kama ule wa Hubert Bals wa Rotterdam, Uholanzi. Mlipaji hayuko Mamba Miamba. Kwa hiyo filamu huanzia kwenye matamasha, ikaja kwenye kumbi za mijini, na sisi Same hatuna jumba la sinema. Simlaumu: kisa cha Yasmin na Denge katika Zanzibar ya miaka ya 1950, pamoja na mavazi na mitaa ya wakati ule, kisingetengenezeka kwa pesa za CD.

Wapo wanaobaki kwenye tamthilia za ving'amuzi, ambako malipo yana uhakika zaidi. Huko kazi ni ya haraka na hufanyika karibu na studio. Matokeo yake unaona sebule za Dar es Salaam kila jioni, lakini shamba la tangawizi la milimani ni nadra kuliona.

Simu nayo haijaziba pengo. Filamu ya saa moja na nusu inaweza kula GB nzima ya kifurushi, na kwenye mabonde yetu mtandao hukatika katikati.

ZIFF iliwahi kupeleka filamu hadi vijijini Unguja na Pemba. Shule yenye projekta na jenereta inaweza kumwandikia mwenye filamu kuomba ruhusa ya kuionyesha, ikitaja tarehe, idadi ya watazamaji na kama kutakuwa na kiingilio. Kuinakili kwenye flashi si ruhusa.