Mtumbwi Mdogo Si Aibu, Lakini Wataka Adabu

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni wakulima na wafugaji, na huenda mmoja wao akauliza: mambo ya uvuvi yaingiaje katika gazeti letu? Nitamjibu mara moja. Mvuvi wa ziwani ni mkulima pia. Shamba lake ni maji, mavuno yake ni samaki, na jembe lake ni mtumbwi. Tena mara nyingi mvuvi na mkulima ni mtu yule yule. Alfajiri yumo majini, na jua likipanda yumo shambani au nyuma ya mbuzi wake.

Basi leo nataka kusema habari za mtumbwi mdogo, na hasa ule wa Ziwa Baringo, ambao Wailchamus huuita kadich. Kwa wale ambao hawajauona nitaueleza. Hautengenezwi kwa mbao, wala hauchongwi katika gogo. Hufanywa kwa fito za mti uitwao ambachi, ambao huota penye maji kando ya ziwa. Mti huu una maua ya manjano, na ukikauka huwa mwepesi ajabu. Fito hufungwa pamoja kwa kamba, na mvuvi mmoja huketi ndani, miguu ameinyosha mbele. Kasia lake si refu. Hushika vibao viwili vidogo, kimoja kila mkono, au vipande viwili vilivyokatwa katika mtungi wa plastiki, akapiga maji navyo huku na huku. Maji hupenya kati ya fito, lakini mtumbwi hauzami, kwa kuwa mti wenyewe ndio unaoelea.

Nimesikia maneno ya namna mbili juu ya mtumbwi huu, nami sikubaliani na yote mawili.

Wa kwanza ni wale wanaosema kwamba kadich ni aibu. Wanasema ni alama ya umaskini na ya mambo ya kale, na kwamba mtu wa leo apaswa kuwa na mashua ya mbao au ya faiba yenye injini. Vijana wengi husema hivyo. Napenda kuwauliza vijana hao swali moja: mafuta ya injini mtayalipa kwa samaki wangapi kila siku? Mtu anayenunua mashua kwa mkopo hana budi kuvua sana ili alipe deni, na akishalipa hana budi kuvua sana ili anunue mafuta. Mwenye kadich hadaiwi na mtu. Mti wake waota ufuoni, na kamba husokota mwenyewe. Akipata samaki kumi, ni wake wote kumi.

Tena watu wengi hawajui kwamba mtumbwi mdogo wa mtu mmoja waheshimiwa duniani. Huko kaskazini, katika nchi za barafu kama Greenland, Wainuiti walikuwa na chombo chao kiitwacho kayaki. Walikiunda kwa mifupa ya nyangumi au kwa miti iliyoletwa na maji, wakakifunika kwa ngozi za sili, na ndani yake aliketi mtu mmoja tu, miguu ameinyosha, kama vile mvuvi wa Baringo anavyoketi. Siku hizi watu wa Marekani na Ulaya hununua kayaki za plastiki kwa fedha nyingi, wakaenda nazo kuvua samaki katika maziwa na mito yao. Jambo lile ambalo kijana wetu analionea haya, mwingine analilipia. Basi tusidharau kilicho chetu.

Wa pili ni wazee, nami ninawaheshimu. Wao husema: "Kadich iliwalisha baba zetu na babu zetu. Hakuna haja ya kubadilisha neno lolote." Na mtu akifa maji, husema: "Ajali haina kinga." Hapo ndipo ninapoomba ruhusa ya kubishana na wazee wangu.

Ziwa la leo si ziwa la babu zetu. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda, na kufika mwaka 2020 Ziwa Baringo lilikuwa limekwisha kumeza nyumba, malisho, shule na hoteli. Mahali ambapo mbuzi walikuwa wakilisha, sasa mvuvi apita na mtumbwi wake, na chini yake kuna miti iliyokufa, nguzo na waya za nyua. Viboko na mamba nao wamefuata maji. Wamesogea karibu na nyumba za watu, na watu wameumizwa. Tena maji ya Baringo ni mekundu kwa udongo, hata jicho haliwezi kuona kilicho chini ya mtumbwi. Mzee aliyejua kila jiwe la ufuo wa zamani hawezi kuujua ufuo mpya kwa kumbukumbu peke yake.

Na hata wale Wainuiti niliowataja, mabingwa wa kayaki, hawakusema kwamba ajali haina kinga. Walijua kwamba bahari yao inaua, na kweli wanaume wengi wa Greenland walikufa maji wakiwa katika kayaki. Kwa sababu hiyo walimfundisha mtoto wa kiume tangu utoto jinsi ya kujigeuza na kuinuka tena chombo kikipinduka. Kwao hatari haikuwa jambo la kuachiwa bahati. Ilikuwa somo.

Maoni yangu basi ni haya: tuutunze mtumbwi mdogo, bali tuziache desturi zile zinazotuua. Nitazitaja adabu tano za chombo hiki, na kila moja ni rahisi.

Ya kwanza, vaa jaketi la kuokoa maisha. Jaketi moja halifikii bei ya mbuzi mzuri. Mtu hanunui jembe lisilo na mpini. Basi kwa nini aingie ziwani bila jaketi? Asiyeweza kulinunua leo, na afunge vizuri mwilini mitungi miwili ya plastiki ya lita tano, mitupu, yenye vifuniko vinavyobana. Mitungi si badala ya jaketi, lakini ni bora kuliko shati tupu.

Ya pili, usiende peke yako. Mtumbwi ni wa mtu mmoja, lakini mitumbwi miwili yaweza kwenda pamoja kwa umbali wa kuitana. Tena kabla ya kuondoka mwambie mtu nyumbani waenda upande gani na utarudi lini, ili usiporudi ajulishwe chifu na wavuvi wenzako mapema.

Ya tatu, ujue saa zako. Mara nyingi ziwa huwa shwari asubuhi, na upepo huvuma mchana ukipita. Jioni kiboko hutoka majini kwenda kula nyasi, na alfajiri hurudi. Basi usikae katika njia yake saa hizo, wala usipite kati yake na maji ya kina. Ukimwona amezama, usidhani amekwenda zake. Baada ya dakika chache lazima ataibuka kuvuta pumzi, na usiombe aibuke chini yako. Na kwa ajili ya mamba, usiningʼinize mguu majini, wala usisafishe samaki ukiwa umeketi mtumbwini na kutupa matumbo yao pembeni.

Ya nne, mtumbwi ukauke. Ambachi hunywa maji kidogo kidogo, na mtumbwi uliolowa siku nyingi huwa mzito na kukaa chini sana majini. Kila urudipo uvute juani. Ukiona umekuwa mzito hata baada ya kukauka, huo umekwisha kazi, funga mwingine.

Ya tano, nayo naiona kubwa kupita zote: ukipinduka, usiuache mtumbwi wako. Wengi hufa kwa sababu huuacha, wakajaribu kuogelea kwenda ufuoni ambao waonekana karibu, kumbe ni mbali. Kadich huelea hata ikijaa maji. Ishike, panda juu yake kifudifudi, utulie, uite msaada. Mtu aliye juu ya mtumbwi huonekana kwa urahisi kuliko kichwa kimoja katikati ya mawimbi.

Hizo ni adabu za kumlinda mvuvi. Lakini ziko pia adabu za kumlinda samaki, maana mtumbwi usio na samaki wa kuvua ni kuni tu.

Watu husema kwamba mtumbwi mdogo hauwezi kudhuru ziwa kwa kuwa hubeba kidogo. Neno hilo ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba mtumbwi mdogo hufika mahali ambapo mashua kubwa haiwezi, yaani katika matete na maji mafupi ya ufuoni. Na huko ndiko samaki wanakozalia. Ngege wa Baringo ni wa namna yake mwenyewe, ambaye asili yake ni ziwa hilo tu. Jike lake hutaga mayai, kisha huyachukua kinywani mwake na kuyalea humo mpaka yaanguliwe, na hata watoto wakiisha kutoka hukimbilia kinywani mwa mama wakiona hatari. Basi mvuvi anayemtoa jike mmoja katika maji mafupi wakati wa kulea, haui samaki mmoja. Ameua mamia. Mkulima gani mwenye akili hula mbegu zake zote kabla ya mvua?

Tutazame majirani zetu wa Ziwa Victoria tupate funzo. Mwaka 1905 nyavu za kigeni zililetwa katika ghuba ya Winam, na kwa muda watu walivua kwa furaha. Baadaye ngege wakaanza kupungua, hata katika miaka 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham akatumwa kulipima ziwa, naye akashauri kwamba nyavu zenye macho ya chini ya inchi 5 zisitumiwe. Ushauri wake haukufuatwa vizuri siku zote. Baadaye wakaongezwa samaki wageni, mbuta miongoni mwao, na yule ngege wa asili akatoweka karibu kabisa katika ziwa kubwa. Leo hupatikana katika maziwa madogo ya kando, kama Kanyaboli huko Siaya, ambako matete yamemficha. Ikiwa ziwa kubwa namna ile liliweza kupoteza samaki wake, Baringo lililo dogo litapona kwa nini?

Kwa hiyo tuyaache maji mafupi wakati samaki wanapolea. Tutumie macho ya nyavu yanayoruhusiwa na idara ya uvuvi, na zile nyavu za nailoni za uzi mmoja, ambazo zimekatazwa, tusizinunue hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Wavu wa namna ile ukikatika na kubaki majini huendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewala.

Nanyi wakulima wa milimani, msidhani mmesahauliwa. Ule wekundu wa maji niliousema ni udongo wa mashamba na malisho yenu, ulioletwa na mito kama Perkerra na Molo. Mkulima asiyechimba matuta, na mfugaji aliyeacha kilima chake kikabaki uchi, anampelekea mvuvi matope. Udongo huo ulikuwa chakula cha mahindi yenu. Ukifika ziwani huwa hasara ya watu wawili. Hivyo ukilima kwa kukingama mlima na kupanda nyasi kando ya makorongo, umemsaidia mvuvi ambaye hujapata kumwona.

Mwisho nina maneno kwa wenye madaraka. Mimi ni karani tu wa ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu, basi mtanisamehe nikisema kama mwalimu. Tangu mwaka 2007 sheria imevitambua vile vikundi vya kusimamia fuo viitwavyo BMU. Naona vikundi hivi viandike mitumbwi midogo katika daftari zao kwa uangalifu ule ule wanaoandikia mashua za injini, maana chombo kisichoandikwa hakitafutwi kikipotea. Vinunue majaketi kwa pamoja na kuwakopesha wanachama, walipe kidogo kidogo kwa samaki. Haba na haba hujaza kibaba.

Na shule za kando ya maziwa zifundishe somo la maji. Sisemi watoto watupwe penye mamba. Nasema kila mtoto ajue namna ya kufunga jaketi, namna ya kushika chombo kilichopinduka, na saa za upepo na za kiboko. Mtoto aweza kujua urefu wa Mto Naili kwa kilomita, na asijue la kufanya mita hamsini kutoka ufuo wa kwao. Elimu hiyo ina upungufu.

Haya, ndugu zangu wavuvi, msione haya kuingia ziwani na mtumbwi mdogo. Ingieni kwa heshima na mtoke kwa heshima, mkiwa na jaketi kifuani na mwenzenu karibu, na muwaache samaki wadogo wakue. Wake zenu na watoto wenu wawangojea ufuoni, na wanachokingoja kwanza si samaki.