Saratani ya kibofu: mwenza wa mgonjwa aanzie wapi?

Familia inapopewa taarifa kwamba baba ana saratani ya kibofu cha mkojo, mara nyingi mke ndiye huanza kuulizia hospitali, na jina la kwanza kutajwa ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Umaarufu huo si wa bure. Hata hivyo, kwa saratani hii mlango wa kwanza ni daktari bingwa wa upasuaji wa mfumo wa mkojo, anayepatikana katika hospitali kama Muhimbili, Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi.

Bingwa huyo huingiza kamera ndogo kupitia njia ya mkojo, hukagua uvimbe na kukata kipande kwa ajili ya maabara ya patholojia. Bila majibu hayo, mtaalamu wa tibamionzi hana pa kuanzia. Swali ambalo mwenza hana budi kuliuliza ni moja: je, uvimbe umeingia kwenye msuli wa kibofu? Kama haujaingia, huweza kuondolewa kupitia njia ya mkojo, kisha mgonjwa akafuatiliwa kwa kamera kwa miaka. Ukishaingia, mazungumzo hugeuka kuwa ya kuondoa kibofu kizima, au ya tibamionzi pamoja na dawa za saratani. Kuondolewa kibofu kunaweza kumaanisha kuishi na mfuko wa mkojo tumboni na kubadilika kwa maisha ya ndoa, hivyo si uamuzi wa kuelezwa mume peke yake huku mke amekaa nje kwenye benchi.

Tatizo kubwa zaidi hutokea kabla ya hapo. Katika maeneo yenye kichocho cha mkojo, yakiwemo ya Kanda ya Ziwa, Pwani na Zanzibar, damu kwenye mkojo haimshtui mtu. Mgonjwa hupewa dawa ya kichocho, damu hukoma, na kila mmoja huridhika. Lakini damu ya saratani hukoma na kurudi yenyewe, dawa iwepo au isiwepo. Tena, kichocho cha miaka mingi ni miongoni mwa visababishi vya saratani hii, sawa na uvutaji wa sigara. Mtu mzima ambaye damu imemrudia baada ya dozi anastahili barua ya rufaa, si dozi nyingine.

Ngazi za rufaa, kuanzia zahanati hadi hospitali ya kanda, ziliwekwa kupunguza msongamano, si kumchelewesha mgonjwa wa namna hii. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, inalenga kuondoa kikwazo cha gharama za matibabu; nauli na malazi ya msindikizaji ni hesabu nyingine, na familia ya kijijini huihisi mapema. Kwa sababu hiyo safari moja isipotee bure: mwenza abebe kadi ya bima, barua ya rufaa, picha za vipimo na majibu ya patholojia yaliyoandikwa, si maelezo ya mdomo.