Majina ya Wanyama Wetu Yanakwenda Wapi?

Ndugu msomaji, sisi watu wa Mombasa tumezoea kupita chini ya mapembe ya ndovu. Yale mapembe makubwa ya barabara ya Moi, yaliyosimamishwa katika miaka ya 1950, zama za ukoloni, ni ya alumini, wala hapana ndovu aliyewahi kuyabeba. Tumeyapita kwa miguu, kwa mikokoteni na kwa matatu, hata tukasahau kwamba mwenye pembe hasa yu hai na makao yake hayako mbali. Kutoka Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 150. Mtu aondokaye baada ya sala ya alfajiri hufika kabla ya adhuhuri, hata akisimama njiani kunywa chai. Pamoja na hayo, wako wazee wa mtaani kwetu waliokwisha kuaga dunia bila ya kumwona ndovu ila katika picha.

Mimi nami, kwa umri wangu huu wa zaidi ya miaka hamsini, nilikuwa nimemwona kwa kupitia dirishani tu, nikiwa safarini kwenda Nairobi. Likizo ya Desemba iliyopita ndiyo iliyonitoa katika aibu hiyo. Lakini ilinitia katika aibu nyingine, na hiyo ya pili ndiyo niliyoikalia kitako leo niieleze.

Mpwa wangu ni fundi wa magari. Alinunua matatu iliyokwisha kustaafu kazi, akaing'oa viti, akatia vitanda vya mbao vya kupandiana, meko ya gesi, pipa la maji na mapazia aliyoshonewa na mama yake. Likawa gari na likawa nyumba. "Mjomba," akaniambia, "hoteli za mbugani si zetu sisi, lakini hii ni hoteli yetu." Tukajipakia: yeye na mkewe, mimi na mama watoto, na wajukuu wanne. Tukashika njia ya Voi, tukaingia Mbuga ya Wanyama ya Tsavo Mashariki.

Hebu nikwambie kwanza ni nchi ya namna gani. Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga mwaka 1948, kisha ikagawanywa Mashariki na Magharibi. Upande wa Mashariki peke yake unapindukia kilomita za mraba 13,000. Udongo wake ni mwekundu, na ndovu wanaojirushia vumbi lake huwa wekundu kama waliopakwa hina. Mto Galana hupita humo, ndio huo huo ambao sisi wa Pwani huuita Sabaki ukifika baharini karibu na Malindi. Basi maji yanayochafua rangi ya bahari yetu wakati wa masika yamepita kwanza miguuni mwa ndovu.

Asubuhi ya kwanza wajukuu walikuja na orodha. Walikuwa wameiandika kabla ya kuondoka nyumbani: simba, chui, ndovu, nyati na kifaru. Hao huitwa Wakubwa Watano, na kila mtalii ajaye Kenya huja kuwatafuta. Wajukuu wangu walitaka kuwatia alama mmoja mmoja, kama mtu atiaye alama bidhaa zake dukani. Alipotokea ngiri na wanawe, mikia juu, mjukuu mdogo akapiga ukelele, "Pumbaa!" Jina hilo amelipata katika filamu ya Marekani, *The Lion King*, ya mwaka 1994. Nikacheka, lakini kicheko hakikushuka kooni. Kupumbaa ni kushikwa na bumbuazi, na Wamarekani wamelichukua neno letu wakampa ngiri wa katuni. Mtoto wa Kimvita naye amelipokea kutoka kwao, hali yule mnyama jina lake hasa, ngiri, hakupata kulisikia.

Mara tukaona magari ya watalii yanatimua vumbi. Madereva wao wana redio, na mmoja akimwona simba huwaita wenziwe wote. Watoto wakasema, "Twende, Babu, twende!" Lakini matatu yetu, kwa uzee wake, haikuwa na haja ya kuonywa kuhusu mwendo wa mbugani. Tulipofika, simba alikuwa amekwisha kuingia kichakani na magari yamekwisha kutawanyika. Mpwa wangu akaegesha ukingoni mwa njia ili injini ipoe. Watoto wakanuna.

Hapo ndipo alipotokea. Ni mnyama wa jamii ya swala, mwembamba, shingo ndefu mno, kichwa kidogo. Alikwenda kwenye kijiti cha miiba, akasimama kwa miguu ya nyuma, wima kama mtu aswaliye, akawa anachuma majani ya juu wasiyoyafikia swala wengine. Watoto walinyamaza. Tulikaa kitambo kirefu tukimtazama, naye hakutujali. Kisha mjukuu wangu wa kike, aliye gredi ya nne, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Babu, huyu anaitwaje?"

Wallahi, sikujua. Nimeandika mashairi kwa miaka zaidi ya thelathini. Nimemsifu mpendwa kwa shingo ya paa na kwa macho ya swala; nimemtia simba na chui katika malumbano ya siasa. Na sasa mtoto ananiuliza jina la mnyama wa nchi yangu, kwa lugha inayonilisha, nami sina jibu. Tukafungua kijitabu tulichokinunua njiani. Kilikuwa na picha yake nzuri, na jina la Kiingereza, na jina la Kilatini. La Kiswahili halikuwemo.

Jibu nililipata magharibi, kwa askari wa wanyama aliyetukuta kwenye kambi ya Ndololo. "Huyo ni swala twiga, mzee," akanambia, bila ya kunicheka. Kisha, alipoona mtoto ameshika kalamu, akaendelea: yule mwenye pembe mbili zilizonyooka kama mikuki ni choroa; mwenye mistari myeupe ubavuni, ajifichaye vichakani, ni tandala; akaaye karibu na maji ni kuro; mkubwa kama fahali ni pofu. Yule ndege mwenye mdomo uliopinda ni hondohondo. Alisema baadhi ya majina ameyasoma na baadhi amefundishwa na bibi yake. Nami mwenye kuitwa malenga nikakaa chini kama mwanachuo wa siku ya kwanza.

Usiku ule, taa zikiwa zimezimwa, ndovu walikuja karibu na kambi. Hatukuwaona vizuri. Tulisikia matawi yakivunjika na pumzi zao nzito, nasi tumelala katika matatu yetu kama dagaa katika kopo, watoto wamenishika mikono. Hakuna aliyekumbuka orodha. Asubuhi tumbili walituibia mahamri yote ambayo mama watoto aliyapika, tukanywa chai kavu, na kwa kuwa tumbili hawakuwamo katika orodha ya watano, mjukuu mdogo alidai waongezwe kwa nguvu.

Sasa, msomaji wangu, nije kwenye lengo. Hii orodha ya Wakubwa Watano haikutungwa na watu wapendao wanyama. Ilitungwa na wawindaji wa bunduki wa zama za ukoloni, na maana yake ni wale wanyama watano walio wagumu na wa hatari zaidi kuwawinda kwa miguu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Bunduki tumeiweka chini, lakini orodha ya mwenye bunduki bado tunaishika. Pale alipokuwa akilenga shabaha, sisi tunalenga simu. Tunamkimbilia simba, tunapata picha, tunatia alama, tunaondoka. Twiga hayumo. Swala twiga hayumo. Tandala mwenye urembo ule wote hayumo, kwa kosa la kutokuwa hatari kwa Mzungu wa mwaka 1910.

Wala nisiwatupie lawama wageni peke yao. Pwani yetu nayo ilimjua ndovu kwa pembe yake kabla ya kumjua kwa sura. Biashara ya pembe ilijenga majumba. Ile siwa ya Pate iliyo katika jumba la makumbusho la Lamu, tunayojivunia kwa haki, ni ya pembe ya ndovu. Na sisi sote tuliishi katika zama ambazo vifaru weusi wa Kenya, waliokadiriwa kuwa 20,000 hivi mwaka 1970, walichinjwa hata wasifike 400 kufikia mwisho wa miaka ya 1980. Mwenye kumjua mnyama kwa pembe tu hatashtuka mnyama akitoweka. Atashtuka bei ikipanda.

Wako watakaonambia: "Mzee, wanyama hawafi kwa kukosa majina. Wanakufa kwa ukame, kwa majangili na kwa kufungiwa njia zao." Ni kweli. Katika ukame wa 1970 na 1971 ndovu wa Tsavo walikufa kwa maelfu, na ule wa mwaka 2022 nao uliua wengi nchini. Jina halileti mvua. Lakini hebu tufikiri. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo. Mkulima wa huko ndovu akimlia mahindi yake hulalamika kwa Kitaita na kwa Kiswahili. Mtaalamu humjibu kwa ripoti ya Kiingereza. Katika baraza hilo, mnyama anazungumzwa na watu wawili wasiokutana. Maneno ya kumzungumzia yakibaki katika lugha moja tu, uamuzi nao utabaki kwa wenye lugha hiyo. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Itakuwaje basi rasmi kwa watu na isiwe rasmi kwa swala?

Tena jina ni mwalimu. Mtoto akisikia "swala twiga" amekwisha kujua atafute nini: swala, lakini shingo ya twiga. Jina la Kiingereza la mnyama huyo halikutoka Uingereza; limetoka kwa Wasomali, ndugu zetu. Walipofika wageni na kukutana na mnyama wasiyemjua, waliuliza wenyeji, wakaandika walichojibiwa. Leo wenyeji tunauliza kitabu cha wageni! Na yako majina mengine mengi yaliyolala katika vinywa vya Wataita, Wakamba, Wagiriama, Waorma na Waata, watu walioijua nchi ya Tsavo kabla haijachorewa mpaka. Kiswahili hakijapata kuona haya ya kuazima. Kama sisi hatuna jina la kiumbe fulani, jirani yetu analo.

Nilipokuwa chuoni, nikiwa bado mdogo wa kubeba ubao, nilimjua ndovu kwa Suratul Fil, nyuki kwa Suratun Nahl, chungu kwa Suratun Naml na buibui kwa Suratul Ankabut. Na maalim wetu alitufunza kwamba elimu ya kwanza aliyopewa babu yetu Adamu ilikuwa ni elimu ya majina. Nililishika somo hilo kwa moyo, lakini maana yake naiona ilinifikia pale ukingoni mwa njia, katika matatu iliyopata joto, mtoto aliponiuliza nikakosa la kusema.

Basi rai yangu ni hii. Mzazi mwenye uwezo, hata wa matatu iliyostaafu, awapeleke watoto wakawaone viumbe wa nchi yao. Kiingilio cha mwananchi ni nafuu kuliko cha mgeni. Akifika, asikimbizane na magari. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na mtazamaji naye ni vivyo hivyo. Waandishi wa vitabu vya shule watie picha ya mnyama na jina lake la Kiswahili pamoja, si simba na sungura tu, bali choroa na kuro na nguchiro. Na sisi washairi, tulioringa kwa paa na swala tusiowatofautisha, tukasome upya.

Mjukuu wangu amerudi nyumbani na daftari lenye majina 31. Lile la watano amelisahau ndani ya gari. Mimi nimeyanakili yote 31 kwa mkono wangu, na chini yake nikaandika ubeti huu, ambao namwachia yeye na wenziwe:

Tumewajua kwa pembe, kwa ngozi na kwa idadi,
Wao pia ni viumbe, wa Mola wetu Wadudi,
Majina yao tuimbe, yasipotee abadi,
Wana tuwape ujumbe, wayatunze kwa juhudi.