Shubiri si Moja

Sheria ya Kenya na mkataba wa kimataifa wa CITES zinakubaliana kuhusu mishubiri: yote ilindwe, isipokuwa Aloe vera ya mashambani. Mwaka 1986 Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini, na kanuni za mwaka 2007 zikaielekeza biashara kwenye ile ya kupandwa. Ulinzi huo wa jumla ulikuwa na sababu, maana utomvu ukishachemshwa na kuganda hakuna askari wa wanyamapori anayeweza kusema umetoka kwenye mmea gani. Tatizo ni kwamba mshubiri uliojaa nusu ya Kenya kavu na ule wenye makao machache tu huko Mandera huhesabiwa sawa. Hoja ya toleo hili ni kwamba kuitenganisha jamii moja na nyingine ndiyo kazi ya kwanza ya ulinzi, wala haifai kusubiri mengine yakamilike.

Chukua Aloe secundiflora, inayogemwa sana Baringo na Laikipia. Kwa kawaida husimama peke yake, na maua yake mekundu hugeukia upande mmoja wa tawi. Aloe ruspoliana ya nyika za kaskazini huota kwa vichaka vilivyosongamana, majani yamepauka, na maua ni ya njano, yamebanana kileleni. (Jina lake linamkumbuka mwanamfalme Ruspoli wa Italia, aliyeuawa na ndovu mwaka 1893 akiwa safarini katika pembe hii ya Afrika.) Anayetegemea rangi peke yake atapotea, kwa sababu Aloe citrina, iliyopewa jina la kisayansi mwaka 1983 tu, nayo ina maua ya njano na inapatikana Mandera na ng'ambo ya mpaka. Na kosa hapa si la vitabuni tu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1984 ulikuta ndani ya Aloe ruspoliana kemikali ya koniseini, ya ukoo mmoja na sumu aliyonyweshwa Sokrates huko Athens. Anayekunywa maji ya shubiri kwa ajili ya tumbo, akichanganyiwa jani lisilo lake, hatapata nafasi ya kuuliza jina la Kilatini.

Kuna watakaosema wafugaji wanayajua haya tangu zamani. Ni kweli, na mchungaji anayejua kipi mbuzi wake hawakigusi ni mtaalamu kuliko wengi wenye vyeti. Lakini ujuzi wake unabaki malishoni. Dalali wa Garissa anayepokea dumu la utomvu, na ofisa anayetia muhuri kibali, hawajauona mmea ukiwa na mizizi yake. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: maua huja na mvua za gu na deyr, yaani masika na vuli, zikikosa hakuna ua la kutazama, na hata yakiwepo, mishubiri huzaliana kwa kuchanganyika hadi mipaka ikafifia. Hilo linatudai tutazame namna ya kuota, miiba, rangi ya utomvu, hata harufu, na tupeleke vielelezo kwenye hifadhi ya mimea ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi, mvua inaponyesha badala ya kungoja mradi. Mmea chotara nao uandikwe kuwa chotara.

Pingamizi linalotusumbua kweli ni la tatu, kwamba kuzitaja alama za mmea adimu ni kumwonyesha mwizi njia. Wakusanyaji wa mimea ya jangwani wapo ulimwenguni, na hulipa vizuri. Hata hivyo mwizi huhitaji mahali kuliko maelezo ya petali, ilhali mkaguzi, mganga na mwalimu huhitaji maelezo hayo na hawana haja ya kujua kilima. Kwa hiyo michoro ya maua na majani imechapishwa kamili katika kurasa zinazofuata, na ramani zote zinaishia kwenye jina la kaunti.