Padi ya bei poa: ulizia sumaku kwanza

Wadau, wengi tunachagua padi isiyo na waya kwa taa na rangi. Tunaliwa! Kinachoua padi ni stiki. Nyingi ndani yake zina vipande vinavyosuguana; vikilika, mchezaji wako anatembea mwenyewe hujagusa kitu. Dawa ni stiki za sumaku, Hall effect, ambazo sensa yake haisuguani. Wala si mpya: Sega waliziweka kwenye Dreamcast, Japani, mwaka 1998. 8BitDo Ultimate 2C ya mwaka 2024 inazo, na ilitoka kwa dola 30 hivi. Ila hiyo ni ya kompyuta na Android, PS5 haiitambui. Mimi nimeshazika mbili za bei chee. Hela zake zingenipa moja ya maana. Rahisi ghali, jamani. Au nakosea?